Bagamoyo hadi Nairobi: safari ya kuwafuata mbawakawa

Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina spishi 400,000 hivi za mbawakawa. Kati ya kila spishi nne za wanyama zinazojulikana duniani, moja ni mbawakawa. Ukitaka kujua kwa nini wamefanikiwa kiasi hicho, tazama mgongo. Mbawa zao za mbele hazirukii tena. Zimekakamaa na kuwa vifuniko vinavyolinda mbawa laini zilizokunjwa chini yake. Kwa hiyo mbawakawa anaweza kujipenyeza kwenye mti, punje, mzinga au lundo la mavi, halafu akatoka na kuruka bila kuchanika. Ndiyo maana karibu kila kituo cha safari hii ni kitu cha kupasua, kuchimba au kufunua.

Msimu ni Novemba, mvua za vuli zikianza. Ukija Agosti, mahindi na migomba itakupa unachotaka, lakini savana itakuwa karibu kimya. Vifaa ni vichache: tochi ya kichwani, kibano, panga, sururu ndogo, waya mgumu, chupa za plastiki zenye mfuniko na vikopo vya lita 1.

Siku ya 1: Bagamoyo, kwenye minazi

Mnazi ulioshambuliwa na chonga, Oryctes monoceros, hujulikana ungali mbali. Makuti yake yana mapengo ya pembetatu, kama yaliyokatwa kwa mkasi. Chonga hakukaa pale akakata upande huu kisha upande wa pili. Alitoboa kuti changa likiwa bado limekunjwa katikati ya mnazi, tundu moja likapita matabaka yote, na kuti lilipofunguka tundu hilo likajirudia pande zote mbili. Pengo unaloliona leo ni kazi ya wiki nyingi zilizopita, na kumtafuta chonga kwenye pengo ni kupoteza muda. Mkwezi mzoefu hutazama chini ya kuti changa kabisa na kutafuta tundu lenye nyuzi mbichi zilizotafunwa na kusukumwa nje. Nyuzi zikiwa na unyevu, chonga yumo. Zikiwa zimekauka na kugeuka kahawia, amekwisha kuhama.

Hutolewa kwa waya wenye ncha iliyopindwa kama ndoana. Waya huingizwa taratibu hadi ugonge kitu kigumu, huzungushwa nusu duara, kisha huvutwa. Kosa la kawaida ni kuchokoa kwa nguvu. Waya ukipita mdudu ukafika kwenye moyo wa mnazi, mkulima amefanya mwenyewe kile alichokuwa akikiogopa, kwa maana mnazi una kichipukizi kimoja tu, na kikifa mti mzima umekufa. Kwa sababu hiyo hiyo minazi michanga ndiyo ya kukaguliwa zaidi. Chonga mmoja hahitaji kwenda mbali kukifikia.

Lililo geni kwa wengi ni kwamba buu la chonga haligusi mnazi ulio hai. Mharibifu ni mzazi, mwenye urefu wa sentimita 4 hivi na pembe kichwani (ya dume ni ndefu zaidi). Buu, jeupe na nene, huishi miezi kadhaa ndani ya magogo ya minazi yanayooza, kwenye samadi na malundo ya takataka za shambani. Shamba linaweza kukwezwa na kuchokolewa kila mwezi, na chonga wasipungue, kwa kuwa gogo lililoanguka mwaka jana limelala pale pale kivulini. Minazi iliyokufa ikiwa imesimama ni mibaya kuliko hata magogo: haifikiki, na inaoza kuanzia juu. Iangushwe, ipasuliwe, ikaushwe na kuchomwa.

Madume wakipata chakula hutoa harufu inayowaita madume wenzao na majike pia. Harufu hiyo imetengenezwa maabara na hutumika kwenye mitego ya ndoo. Mtego usitundikwe katikati ya minazi michanga, maana si kila chonga anayeitwa huingia ndoo. Wengine hutua kwenye mti wa jirani.

Siku ya 2: njiani kuelekea Tabora

Treni hadi Dodoma, kisha basi. Jioni, popote penye taa nje, madundu hugonga kuta na kuanguka chali. Shuka jeupe likitandazwa nyuma ya taa huleta wadudu wengi zaidi usiku usio na mwezi. Mwezi mpevu ukiwa juu, usijisumbue.

Siku ya 3: Tabora, ghala la mahindi

Huku ndiko dumuzi, Prostephanus truncatus, alikoanzia Afrika Mashariki. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amekwisha kutia mizizi mkoani Tabora, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 alikuwa amevuka mpaka kuingia Kenya upande wa Taveta. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, mwili kama kipande cha kijiti, kichwa kimefichwa chini ya kifua, na nyuma amekatika wima. Umbo hilo ni la mtoboa miti, na kwa asili ndivyo alivyo. Mahindi aliyazoea baadaye, na hadi leo akikosa nafaka hutoboa nguzo za ghala, muhogo mkavu na hata plastiki.

Chukua gunzi lililohifadhiwa na punje zake, likung'ute juu ya karatasi. Unga mwingi ukimwagika kuliko wadudu, ni dumuzi. Anatoboa zaidi ya anavyokula, na unga huo ndio hasara yenyewe. Mtoboaji huhitaji kitu kisichoyumba ili asukume kwa nguvu, na punje iliyoshikamana na gunzi haiyumbi. Punje iliyopukuchuliwa hugeuka geuka chini yake. Kwa hiyo kupukuchua mapema, kazi ambayo wengi huiahirisha, ni kinga hata kabla ya dawa.

Fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, ana tabia nyingine kabisa. Jike hutafuna kijishimo kwenye punje, hutaga yai moja, kisha huliziba kwa ute unaokauka ukafanana na ganda la punje. Mahindi yanaonekana safi; wiki tano hivi baadaye, kukiwa na joto, fukusi wanatoka kwa pamoja na mwenye ghala anasema wameingia jana. Hawakuingia jana. Walikuja na mahindi kutoka shambani.

Wadudu hao wawili hutofautiana pia katika kuhimili dawa, na hilo ndilo lililoamua namna dawa ya unga ilivyotengenezwa. Pirimifosi-methili humuua fukusi lakini ni dhaifu kwa dumuzi. Pemethrini ni kinyume chake. Dawa ya ghalani inayofaa huku ina zote mbili, na kipimo ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Makosa yanayorudiwa ni kunyunyiza juu ya gunia badala ya kuchanganya na punje, kupunguza kipimo ili dawa itoshe magunia mengi, na kutia dawa mahindi yenye unyevu.

Unyevu hupimwa kwa chupa ya kioo iliyokauka na chumvi kavu. Jaza mahindi robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Kipimo hiki hudanganya chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, jambo la kawaida msimu wa mvua, kwa hiyo ikaushwe kwanza kwenye jua au kikaangoni. Anayetumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya gunia, hahitaji dawa: wadudu humaliza oksijeni wenyewe wakafa. Ila mfuko mmoja usipofungwa vizuri au ukatobolewa, hewa inaingia na kazi yote imeharibika. Usiuegemeze ukutani wala kwenye nguzo yenye dumuzi.

Dumuzi dume akipata chakula kizuri huita kwa harufu, na jike akifika hunyamaza. Mbawakawa mwingine mdogo wa Amerika ya Kati, Teretrius nigrescens, huisikia harufu hiyo hiyo na kuifuata ili ale mabuu na mayai ya dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia zaidi porini kuliko ghalani, kwani idadi yake huongezeka polepole, na mkulima hawezi kumsubiri gunia likiwa linageuka unga.

Siku ya 4: Tabora, kwenye mizinga

Miombo ya hapa ni nchi ya asali, na ndani ya mzinga kuna mpangaji asiyelipa: mbawakawa mdogo wa mzinga, Aethina tumida, mweusi, milimita 5 hadi 7. Nyuki hawezi kumchoma, kwani vifuniko vya mgongo ni vigumu na vinateleza, na akishambuliwa huvuta kichwa na miguu chini ya ngao akaganda kama kokwa. Nyuki wa Afrika hutumia mbinu nyingine. Humsukumia kwenye ufa, huziba njia kwa gundi ya mzinga, na walinzi hukaa mlangoni mchana na usiku.

Cha ajabu ni kwamba mfungwa hafi njaa. Hunyoosha kichwa na kumpapasa mlinzi mdomoni kwa vipapasio, jinsi nyuki mwenzake angefanya akiomba chakula, na mlinzi hutapika tone la asali. Tabia hii imepigwa picha na kuandikwa na watafiti, si hadithi ya warinaji.

Kundi lenye nguvu huishi naye miaka bila hasara kubwa. Balaa huanza kundi likidhoofika au likihama: majike hutaga nyufani, mabuu hutambaa kwenye masega, asali huchacha, hutoa povu na harufu ya machungwa yaliyooza. Baada ya hapo mabuu hutoka na kujifukia ardhini chini ya mzinga ili wageuke. Udongo mkavu na mgumu huwakwamisha. Kivuli chenye udongo tifutifu na unyevu huwapa wanachotaka. Mrinaji asiache masega yaliyokatwa kwenye ndoo zaidi ya siku mbili, kwa sababu humo hamna walinzi. Mdudu huyu alipoonekana Marekani mwaka 1998, kisha Australia 2002 na Italia 2014, nyuki wa Ulaya wanaofugwa huko hawakuwa na uzoefu naye kama wetu.

Siku ya 5: Kahama, Biharamulo

Barabara tu.

Siku ya 6: Bukoba, chini ya migomba

Mgomba ulioanguka na mkungu wake baada ya upepo mdogo ukaguliwe tunguu, kitako kinene kilichomo ardhini. Likate kwa panga. Mashimo meusi yaliyojaa unga wa kahawia ni njia za mabuu ya fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus. Mzazi ni mweusi, sentimita 1 na kitu, ana mbawa lakini ni nadra sana kuruka. Hutembea usiku, na ukimgusa hujifanya mfu hata ukamgeuza geuza kiganjani. Subiri, atainuka.

Jike hutaga mayai machache sana, mara nyingi asifikishe hata matatu kwa wiki. Angekuwa mdudu wa muda mfupi asingemshinda mtu. Lakini huishi mwaka na zaidi, na kwenye udongo wenye unyevu hustahimili miezi bila chakula. Kwa hiyo anayesafisha shamba mara moja na kupanda upya mwezi unaofuata anawapandia fukusi wale wale.

Kwa kuwa hawaruki, njia yao kuu ya kufika shamba jipya ni machipukizi yanayobebwa na watu. Chipukizi limenywe tunguu lote hadi libaki jeupe bila doa, kisha litumbukizwe kwenye maji ya nyuzijoto 52 hadi 55 kwa dakika 20. Kipimajoto kikikosekana, maji yanayochemka kwa sekunde 30 yanatosha. Ukizidisha unapika chipukizi. Lisilale usiku kando ya migomba ya zamani baada ya kumenywa, kwani harufu ya jeraha inawaita.

Mtego ni kipande cha shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, sentimita 30, kilichopasuliwa katikati kwa urefu na kulazwa upande uliokatwa ukielekea chini, kando ya shina. Siku ya tatu kifunuliwe asubuhi, fukusi waokotwe na kuuawa. Ukikisahau kwa wiki mbili umewatengenezea nyumba.

Siku ya 7: Mwanza, gugumaji

Vuka ziwa kwa meli ya usiku kutoka Bukoba. Mwanza kuna fukusi wa kushangilia. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likatapakaa Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 nchi za ziwa zilianza kuachilia spishi mbili za fukusi wa huko gugu lilikotoka, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Jani lenye makovu madogo ya pembe nne, upana wa milimita 2 au 3, limeliwa nao. Mabuu hutoboa kikonyo kushuka hadi moyo wa mmea, na bundo (mdudu akiwa kati ya buu na mzazi) hujitengenezea kifuko cha nyuzi za mizizi chini ya maji. Mmea uliotobolewa hujaa maji na kuzama.

Gugu lilipopungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilichangia, na wataalamu hawakukubaliana ni nani apewe sifa zaidi. Kinachofahamika ni udhaifu wa mbinu: zulia la gugu likizama, fukusi wengi huzama nalo, huku mbegu zikiweza kubaki matopeni miaka 20. Gugu linaota upya likiwa halina wa kulila. Kwa hiyo kufuga fukusi kwenye mabwawa na kuwaachilia tena si kazi ya mara moja.

Siku ya 8 na ya 9: Serengeti, lango la Ndabaka na kuendelea

Kwanza kibali. Kutega au kukusanya wadudu hifadhini bila kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) ni kosa. Kutazama hakukatazwi, mradi usishuke garini pasiporuhusiwa.

Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, mbawakawa wa mavi hutoka kwa wingi usiosadikika. Huko Tsavo, Kenya, Anderson na Coe waliandika mwaka 1974 kwamba mbawakawa 16,000 walifika kwenye kilo 1.5 za kinyesi cha tembo na kukimaliza kwa saa 2. Si wote wanaobingirisha mpira. Wapo wanaokaa ndani ya lundo na kuzalia humo humo, wapo wanaochimba shimo chini yake na kushusha mavi, na wapo wabingirishaji, ambao ndio wachache lakini huonekana zaidi.

Mbingirishaji anakimbia wezi. Mpira uliokwisha kufinyangwa una thamani kuliko lundo, na mwenye nguvu humnyang'anya mwenziwe. Kwa hiyo huondoka kwa mstari ulionyooka, kwani ukipinda unaweza kujikuta umerudi pale pale kwenye fujo. Kabla ya kuondoka hupanda juu ya mpira na kuzunguka kama anayecheza, anasoma anga. Mchana hufuata jua na mwanga wake unaotawanyika, usiku mwezi, na spishi moja ya Afrika Kusini, Scarabaeus satyrus, imethibitishwa mwaka 2013 kufuata mkanda wa nyota wa Njia ya Maziwa. Watafiti waliwavisha wadudu vikofia vidogo vya karatasi ili wasione juu, na njia zao zikapotoka.

Joto nalo huamua ugomvi. Heinrich na Bartholomew, waliofanya kazi Kenya miaka ya 1970, waliona kwamba Scarabaeus laevistriatus hutetemesha misuli ya mbawa hadi mwili uwe na joto kuliko hewa, na mwenye joto zaidi hufinyanga haraka, hukimbia haraka na hushinda vita vya mpira hata dhidi ya mkubwa wake.

Nje ya hifadhi, kwenye malisho ya ng'ombe na kwa ruhusa ya mwenye eneo, mtego ni rahisi. Fukia kikopo cha lita 1 hadi mdomo wake ulingane na ardhi, tia maji theluthi moja na tone la sabuni ya maji, ninginiza juu yake gramu 100 hivi za mavi mabichi zilizofungwa kwenye kitambaa chepesi. Mdomo ukizidi ardhi hata kidogo, mbawakawa huuzunguka. Bila sabuni, huelea na kupanda nje. Tega saa 12 jioni ukague alfajiri, tega tena asubuhi ukague jioni, kwa sababu wa usiku na wa mchana si wale wale. Jiwe bapa au sahani juu ya vijiti vitatu huzuia mvua. Nguchiro hakuna anayemzuia.

Kama mtego wa malisho unakuja mtupu msimu wa mvua, uliza ng'ombe walipewa dawa gani ya minyoo. Ivamektini hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa, na mabuu yaliyomo hufa. Mavi hayo hukaa juu ya majani, hukauka, na nzi huzaliana humo. Australia ililijua tatizo hili kwa njia nyingine: ng'ombe walipelekwa, lakini mbawakawa wa huko walizoea kinyesi cha kangaruu. Kuanzia mwaka 1968 waliachilia spishi kutoka nje, nyingi za Afrika, ikiwemo ile ijulikanayo leo kama Digitonthophagus gazella.

Siku ya 10: Bunda, Sirari, Kisii, Narok

Mpaka wa Sirari, kisha milima ya Kisii. Wadudu hai na sampuli za udongo havivuki bila hati za afya ya mimea na ruhusa ya kusafirisha. Picha zinavuka bure.

Siku ya 11: Nairobi

Nairobi flai si nzi. Ni mbawakawa wa jenasi Paederus, milimita 7 hadi 10, rangi ya chungwa na nyeusi kwa zamu, na vifuniko vyake vya mgongo, vya buluu inayong'aa, ni vifupi hadi tumbo limebaki wazi. Ngao fupi humpa mwili wa kujipinda na kupenya kati ya majani, na pengo la ulinzi hufidiwa kwa sumu. Hang'ati wala hachomi. Sumu, pederini, imo kwenye damu yake, na kinachotengeneza sumu hiyo ni bakteria wanaoishi ndani ya majike, si mdudu mwenyewe. Huletwa na taa baada ya mvua nyingi. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulifuata El Niño.

Akitua mwilini mwako, mpulize, au msogezee karatasi apande. Ukimpiga kofi umejipaka. Mwanzoni hakuna maumivu, ndiyo maana watu hulala wakiwa wamejipaka. Saa 24 hadi 48 baadaye ngozi huwa nyekundu na kutoa malengelenge, mara nyingi kwa mstari, na pale ngozi inapokunjwa upande wa pili huchubuka vile vile. Osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha nawa mikono kabla ya kugusa macho. Jicho likiguswa, hospitali. Shambani mdudu huyu hula vidukari na mayai ya waharibifu, kwa hiyo zima taa ya barazani kabla ya kufikiria kupuliza dawa.

Aliyebaki ni mpiga bomu, Stenaptinus insignis, ambaye picha zake mashuhuri za mwaka 1999, za watafiti Eisner na Aneshansley, zilitumia wadudu kutoka Kenya. Mchana hujificha chini ya mawe na magogo yenye unyevu. Tumboni ana chumba cha haidrokwinoni na haidrojeni peroksidi, na chumba cha pili chenye vimeng'enya. Vikikutana, mchanganyiko huchemka hadi nyuzijoto 100 na kufyatuka kwa mfululizo wa milipuko mamia kwa sekunde, si mkondo mmoja. Mapumziko mafupi kati ya milipuko ndiyo yanayomwokoa asijiunguze. Ncha ya tumbo huelekezwa popote, hata mbele juu ya mgongo. Mshike kwa kibano kirefu, mguu mmoja tu, uso wako ukiwa mbali, na weka karatasi nyeupe chini yake. Mlio unasikika, moshi unaonekana, na karatasi inabaki na madoa. Kwenye vidole madoa hayo ya kahawia hayatoki kwa sabuni. Hukaa siku kadhaa hadi ngozi ijibadilishe.